Maji Yaliyo Njiani

Barua ilikwisha kuandikwa, ilisubiri sahihi tu. Ilieleza kwamba kati ya vituo vyetu viwili vya kupimia maji ya mto, cha juu na cha chini, umbali wa kilomita 80, mto unapoteza mita 4.5 za ujazo kila sekunde, na kwamba wa kulaumiwa ni wakulima wenye pampu kingoni. Hesabu iliyobeba barua hiyo niliifanya mimi. Asubuhi ile kituo cha juu kilikuwa na 40, cha chini 35.5. Toa. Mtoto wa darasa la tatu angeipata.

Aliyeniokoa ni mzee anayesoma mti wa vipimo pale kituo cha juu. Nilimsomea barua kwa simu, kwa majigambo kidogo. Akanyamaza, kisha akaniuliza pampu moja ndogo ya petroli huvuta maji kiasi gani. Nikamwambia, ikiwa nzima, lita 10 hivi kwa sekunde.

"Kwa hiyo, mwanangu, ni pampu 450," akasema. "Zinanguruma usiku na mchana, na sisi tunaolala hapa hatujasikia hata moja?"

Barua haikutumwa. Mimi nikabaki na lile 4.5 mkononi, nisijue nilipeleke wapi. Miaka imepita, na bado naandika kuhusu namba hiyo moja, kwa sababu karibu kila ninachokijua kuhusu kufuatilia maji ya mto kutoka kituo hadi kituo nilikipata nikijaribu kuieleza.

Nianze na lile 40 lenyewe. Nani alisema 40? Mto hausemi hivyo, na kituo nacho hakisemi. Kituo kinapima kimo cha maji, basi. Mti uliochorwa sentimita, au kihisio kilichofungwa chini ya daraja, kinakwambia maji yamefika wapi. Ni kazi ileile iliyofanywa na nguzo ya kupimia Nile iliyojengwa mwaka 861 katika kisiwa cha Roda, Cairo: maji yamepanda hadi alama gani, na kwa hiyo mwaka huu kodi iwe kiasi gani. Ili kutoka kwenye kimo kwenda kwenye mtiririko, yaani kiasi cha maji yanayopita kila sekunde, lazima mtu aingie mtoni. Unaugawa upana wa mto katika vipande 20 au zaidi, kila kipande unapima kina chake, unateremsha mita ya mkondo, kifaa cha kupimia mwendo wa maji, hadi asilimia 60 ya kina ukihesabu kutoka juu, unasoma mwendo, unazidisha mwendo kwa eneo, kisha unajumlisha vipande vyote. Unarudi siku nyingine mto ukiwa na kimo kingine. Na nyingine tena. Ukishapata vipimo vya kutosha unachora mstari uliopinda unaounganisha kimo na mtiririko, na kuanzia hapo kila kimo kinachosomwa kinageuzwa kuwa mtiririko kwa kupitia mstari huo.

Mstari huo unachukulia kwamba sakafu ya mto haijabadilika tangu ulipochorwa. Mto wenye mchanga hucheka ukisikia hivyo. Mafuriko moja yakipita, mchanga unahama, na kimo kilekile cha mita 1.20 ambacho jana kilikuwa na maana ya 38, leo kina maana ya 42. Hakuna kitakachopiga kengele kukuonya. Kituo kitaendelea kusoma kimo chake sahihi kabisa na kukupa mtiririko wa uongo kwa utulivu uleule.

Tuseme hata hivyo mstari ni mzuri na mpimaji ni hodari. Kipimo kinachoitwa kizuri katika kazi hii ni kile chenye kosa lisilozidi asilimia 5. Asilimia 5 ya 40 ni 2. Asilimia 5 ya 35.5 ni karibu 1.8. Makosa mawili yasiyojuana hayajumlishwi hivihivi: unazidisha kila moja kwa lenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 2.7. Kwa hiyo upotevu wangu haukuwa 4.5. Ulikuwa 4.5, ongeza au punguza 2.7. Tungekuwa tumewashtaki watu kwa namba ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa kivuli cha vyombo vyetu wenyewe.

Lakini hata kosa la vipimo halikuwa kosa langu kubwa. Kosa kubwa lilikuwa neno "asubuhi ile".

Chukua mto wenye upana wa mita 50, kina cha mita 1, maji yakienda kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde. Zidisha: mita 40 za ujazo kwa sekunde, sawasawa na mto wangu. Kwa mwendo huo, tone la maji lililopita kituo cha juu litahitaji sekunde 100,000 kumaliza kilomita 80. Ni kama saa 28. Maana yake ni kwamba wakati wowote ule kuna mita milioni 4 za ujazo ambazo zimeshatoka kituo cha juu na bado hazijafika cha chini. Hazijaibwa wala hazijapotea. Zipo njiani.

Mto ukiwa haupandi wala haushuki, maji yaliyo njiani hayakusumbui: yanayoingia ni sawa na yanayotoka, pasipo upotevu. Shida inaanza mto unapopanda. Asubuhi ya barua yangu, maji yalikuwa yamepanda sentimita 10 hivi tangu jana yake, huku na huku. Sentimita 10 si kitu, utasema. Hazifiki hata kifundo cha mguu. Sasa zitandaze juu ya upana wa mita 50 na urefu wa kilomita 80. Ni mita 400,000 za ujazo. Gawanya kwa sekunde za siku moja: 4.6 kwa sekunde. Mto ulikuwa unajijaza wenyewe. Mwizi niliyekuwa namtafuta alikuwa ni mto unaonenepa, na kesho kutwa yake, uliposhuka, vituo vyangu viwili vilionyesha kinyume chake: maji mengi zaidi yanatoka kuliko yanayoingia. Siku hiyo hakuna aliyependekeza tuwaandikie wakulima barua ya shukrani.

Basi nikajifunza kusogeza saa. Usilinganishe asubuhi na asubuhi. Linganisha maji ya juu ya jana na maji ya chini ya leo. Wazo zuri. Kwa saa ngapi, lakini? Nilijibu 28, kwa sababu hesabu nimeshaifanya hapo juu. Nikakosea tena.

Fikiria foleni ndefu ya watu waliobanana. Mtu wa nyuma kabisa akisukuma, wa mbele anausikia msukumo huo mapema sana, ingawa yule aliyesukuma bado yuko nyuma na atafika mbele baadaye sana. Mto uko hivyohivyo. Maji mapya yanayoingia juu yanayasukuma yaliyotangulia, na kupanda kwa maji kunasafiri kasi kuliko maji yenyewe. Kuna mwendo wa maji, na kuna mwendo wa wimbi. Mfaransa Kleitz aliieleza tofauti hiyo mwaka 1877, na mwaka 1900 mhandisi James Seddon akaithibitisha kwa kumbukumbu za Mississippi na Missouri. Katika mto mpana usiofurika, wimbi huenda kwa wastani wa mara 5/3 ya mwendo wa maji. Kwa mto wangu ni mita 1.33 kwa sekunde. Kilomita 80 kwa saa 17, badala ya 28.

Saa 11 za tofauti. Nimeona watu wazima wakibishana nusu siku kuhusu "muda wa safari ya maji" bila kugundua kwamba mmoja anazungumzia wimbi na mwenzake anazungumzia tone. Ukitaka kuwaonya walio chini kwamba mafuriko yanakuja, unahitaji muda wa wimbi. Lori la dawa za kunyunyizia mimea likipinduka mtoni, unahitaji muda wa tone, na hata huo si mmoja, kwa kuwa doa la sumu hurefuka kadiri linavyosafiri: kichwa chake hutangulia kilele, na mkia wake huburuza nyuma kwa muda mrefu. Ukichanganya muda huu na ule, utawafungulia watu mabomba sumu ikiwa ndiyo kwanza inafika.

Wala usidhani 17 ni namba ya kuandika ukutani. Mto ukiwa na maji machache wimbi linajikokota. Ukijaa hadi ukingoni linakimbia. Ukivuka kingo na kuingia kwenye majani ya uwanda wa mafuriko, linapunguza mwendo tena, kwa sababu sehemu ya maji imekwenda kukaa pembeni. Mto mmoja, umbali mmoja, saa nyingi.

Nilizitafuta saa hizo kwa njia ya kizamani ambayo bado naipenda kuliko programu yoyote. Unachora grafu ya kituo cha juu kwenye karatasi inayopitisha mwanga, ya kituo cha chini kwenye karatasi nyingine, unazibandika kwenye kioo cha dirisha moja juu ya nyingine, kisha unaisogeza ya juu taratibu kuelekea kulia hadi vilima vikae juu ya vilima na mabonde juu ya mabonde. Umbali ulioisogeza ndio muda wa wimbi. Kompyuta hufanya kazi hiyohiyo kwa sekunde moja, ila haikuonyeshi pale ambapo karatasi zinakataa kukaa pamoja, na hapo ndipo penye habari.

Karatasi zangu zilikaa pamoja kwenye saa 23.

Sikuelewa. Hesabu inasema 17, dirisha linasema 23, na si kwa wimbi moja tu, kwa yote. Nilibadilisha upana, nilibadilisha kina, nilipekua mteremko wa mto upya. Niliandika kurasa mbili za kueleza kwamba labda mimea ya kingoni inaleta ukwaruzo kuliko tulivyodhani. Zilikuwa kurasa nzuri, naweza kusema. Halafu siku moja nilikuwa nimekaa na daftari la mzee, nikaona mwandiko wake: *saa 1, kimo 1.04. Saa 12, kimo 1.09.* Saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kama mtu yeyote mwenye akili anavyohesabu saa zake. Aliyeingiza namba kwenye kompyuta aliandika 1:00 na 12:00. Kompyuta ikaelewa saa saba za usiku na saa sita za mchana. Kituo cha chini kina kinasa data kinachojiandikia chenyewe, kwa hiyo hakikuguswa. Vipimo vyote vya mzee, vya miaka minne, vilikuwa vimerudishwa nyuma saa sita kamili.

23 toa 6. Kurasa zangu mbili za ukwaruzo wa mimea nazihifadhi hadi leo.

Ukishajua muda, unaweza kubashiri. Njia inayotumika zaidi ilitungwa na G. T. McCarthy mwaka 1938 kwa ajili ya mto Muskingum, jimbo la Ohio nchini Marekani, na imebaki na jina la mto huo. Inasema kwamba maji yaliyohifadhiwa kati ya vituo viwili yanategemea yanayoingia na yanayotoka, kila upande ukiwa na uzito wake. Ina namba mbili tu: moja ni muda wa safari ya wimbi, nyingine, kati ya 0 na 0.5, inaeleza jinsi wimbi linavyobonyea likiwa njiani. Kwa 0.5 wimbi linapita bila kubadilika umbo, kwa 0 linalala kama kwenye ziwa. Mito mingi ya asili huangukia karibu na 0.2. Namba hiyo ya pili unaitafuta kwa kuchora: ukikosea, grafu inafanya kitanzi, unajaribu tena hadi kitanzi kibane na kukaribia kuwa mstari. Ni njia ya watu wavumilivu. Haijui chochote kuhusu mchanga, miamba wala pampu, na bado inabashiri vizuri kuliko inavyostahili.

Kinachobaki baada ya hayo yote, yaani baada ya kusahihisha saa, kutoa maji yaliyo njiani na kukiri kosa la vipimo, ndicho unachoweza kuanza kukiita upotevu. Na mtuhumiwa wa kwanza wa kila mtu ni jua.

Jua linasingiziwa. Uso wa maji wa mto wangu, mita 50 kwa kilomita 80, ni mita za mraba milioni 4. Siku ya joto kali hukausha kama milimita 6. Hiyo ni mita 24,000 za ujazo kwa siku, au 0.28 kwa sekunde. Kwenye mto wa 40, haionekani. Jua huwa jizi kweli pale maji yanapotandaa. Mkataba wa Nile wa mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan una mstari ambao kila anayefanya kazi hii anapaswa kuujua: wastani wa mtiririko wa mwaka ulikadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 84, Misri ikapewa 55.5, Sudan 18.5. Jumlisha upate 74. Bilioni 10 zilizobaki waliliachia jua mapema, hata kabla bwawa kuu la Aswan halijaanza kujengwa. Ziwa lake likijaa lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,000, na kila mwaka hupoteza uso wenye kimo cha mita 2 hivi, kwa hiyo hesabu yao haikuwa mbali. Kusini zaidi, kwenye kinamasi cha Sudd, Nile hutandaa kwenye mafunjo na kutoka ikiwa na karibu nusu tu ya maji iliyoingia nayo. Delta ya Okavango, Botswana, ndiyo kabisa: mafuriko hufikia kilele Mohembo, maji yanapoingilia, mnamo Aprili, yanapenya kwenye matete kwa miezi kadhaa, na yanafika Maun, upande wa kutokea, Julai au Agosti, majira ambayo mvua haijulikani, huku zaidi ya asilimia 90 ya maji yameshapanda angani yakiwa njiani.

Mtuhumiwa wa pili ni ardhi, na huyu ana tabia ngumu zaidi kwa sababu hurudisha. Mto ukipanda, kingo hunywa; ukishuka, kingo hutapika polepole, na mtu asiyejua atadhani amegundua chemchemi. Kuna wakati lakini maji yanaingia ardhini na hayarudi mahali pale tena. Mto Danube hufanya hivyo karibu na Immendingen, Ujerumani: maji yanazama kwenye mwamba wa chokaa, na wakati wa kiangazi kitanda cha mto hubaki mawe matupu. Oktoba 1877 profesa wa jiolojia Adolf Knop aliamua kuyafuata. Alimwaga mtoni tani 20 za chumvi, kilo 1,200 za mafuta ya mawe na kilo 10 za rangi ya kijani inayong'aa. Baada ya saa 60, kwenye chemchemi ya Aach umbali wa kilomita 12, maji yalitoka ya kijani, ya chumvi, yenye ladha ya lami. Kwenye kituo chochote cha Danube upande wa chini, maji yale ni upotevu. Kumbe yanaingia Rhine na kwenda Bahari ya Kaskazini, badala ya Bahari Nyeusi. Majimbo yaligombana juu yake hadi mahakamani, mwaka 1927.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu ya kiangazi kilichopita. Mto ulitulia wiki tatu mfululizo bila kupanda wala kushuka: juu 9.0, chini 7.9. Hakukuwa na maji ya njiani ya kusingizia. Kosa la vipimo viwili, 0.6. Pengo, 1.1, kila siku, kila wiki. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuvutia kwenye grafu, kiwimbi chepesi cha kimo kushuka alasiri na kupanda usiku, na hicho ni miti ya kingoni ikinywa mchana na kupumzika gizani. Nilikipima: hakifiki hata 0.1. Pampu tulizihesabu kwa miguu. Zilikuwa saba.

Basi tuliuteremkia mto wenyewe, tukaupima mahali sita kwa siku mbili. Kutoka juu: 9.1, 8.9, 9.0, 8.9, kisha 8.0, kisha 7.9. Mto haukuwa ukivuja kote. Ulikuwa ukivuja katika kilomita sita tu, pale unapokata mwamba wa chokaa na kuzunguka kona ya kokoto. Na kilomita tatu chini ya kituo cha chini, upande wa kushoto, kuna chemchemi ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyewahi kuipima. Tulimwaga ndoo ya maji ya chumvi tuliyoipima uzito, tukasimama chini yake na kifaa cha kusoma chumvi, tukapata 0.7.

Sifanyi haraka tena. 0.7 si 1.1, na chemchemi haina jina la mto ilikotoka. Kwa hiyo tuliomba kibali cha rangi, tukakipata, tukaimwaga juu ya kokoto Jumanne, saa nne asubuhi. Nimeandika "saa nne asubuhi" na pembeni yake 10:00, kwa wino mwekundu. Mzee amekubali kuja kukaa chemchemini na kujaza chupa kila baada ya saa sita, na kila jioni ananipigia.

Leo ni siku ya tisa. Chupa 35 zimepangwa mezani kwangu, zote safi. Jioni hii nimemwambia kwamba wenzetu wa Danube walisubiri saa 60 tu, kwamba labda tumekosea chemchemi.

"Au labda tumekosea saa," akasema, akacheka, akakata simu akajaze ya 36.